Unga wa Alfajiri

Nambis,
Wilaya ya Mbulu,
Mkoa wa Manyara.
(Usiandike tena Arusha kwenye bahasha. Barua yako ya Pasaka ilizunguka huko wiki tatu.)

9 Agosti 2005

Mpendwa mwanangu Judith,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana huu ni mwaka wa tatu shikamoo yako naisoma kwenye karatasi tu na sauti yako nimeanza kuisahau. Habari za Dar es Salaam? Joto mnalivumilia? Baba Justina hajambo? Na Justina mwenyewe, meno ya mbele yameota au bado anaongea kwa kupuliza?

Sisi huku kwa miili hatujambo. Goti langu la kushoto linauma asubuhi, likipata jua linatulia. Mama yako Juliana, wifi yangu, mzima, miguu inamvimba kidogo ila shamba hajaliacha. Mahindi tumevuna, maharage tumeshapiga. Vitunguu swaumu vimekosa bei. Siku hizi mnunuzi anakuja na gari lake na bei yake mfukoni, na hakuna ushirika wa kwenda kumshtaki. Baridi ya mwaka huu ni ile ya kukufanya ulale na sweta.

Hizo ndizo salamu, na nimezimaliza kwa adabu kama nilivyolelewa. Sasa nakuambia lililonikalisha hapa mezani. Nimechukizwa, Judith. Nimechukizwa na wanafunzi wako, nimechukizwa na wewe, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba na mimi mwenyewe sikujiacha.

Unakumbuka mwaka jana, mwezi wa saba, uliniletea wanafunzi sita wa chuo chako. Uliandika kwa mkono wako kwamba wanasomea maisha ya watu, kwamba somo lao haliwezekani bila kuishi na watu wenyewe, na ukasema niwapokee kama ningekupokea wewe. Maneno hayo yalinifurahisha sana. Nilimsomea mama yako mara mbili, naye akasema, "Kumbe kuna watu wanasomea kukaa na watu."

Basi nikawapokea kama wewe. Nilisiliba sakafu kwa samadi mbichi. Niliazima magodoro mawili kwa Basili, mwenyekiti wetu wa kitongoji, mwanaume ambaye hapendi kuazimisha hata jembe. Mama yako alichinja jogoo wake mwekundu.

Hawakulala kwangu hata siku moja. Walifika saa nne asubuhi na gari la kukodi, wakashuka wakiwa na chupa zao za maji, na saa tisa mchana dereva akapiga honi wakapanda. Walilala gesti mjini Mbulu, wiki tatu nzima. Eti huku hakuna umeme. Judith, mimi nimezaliwa hapa, nimefundisha kisomo cha watu wazima hapa miaka kumi na tisa, nikisahihisha madaftari kwa koroboi, na macho yangu ndiyo haya yanayokuandikia.

Jogoo tulimla wenyewe. Alikuwa mgumu.

Siku ya kwanza nilimpa mmoja wa wasichana maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alishukuru kwa Kiswahili kizuri sana, akatoka nayo nje kama anayetaka kunywa akitazama milima, akayamwaga nyuma ya nyumba. Nilijua kwa sababu ya mbwa. Mbwa wangu hakuondoka pale mpaka jioni.

Kijana wao kiongozi aliitwa Nicodemo. Huyo alimfuata mzee Tadeo, ambaye hata padre anamwamkia, akamsimamia mbele bila shikamoo, akamuuliza anatumia choo cha aina gani. Mzee Tadeo akamjibu, "Wewe kwanza, wa kwenu ni wa aina gani?" Nicodemo aliandika kitu. Mpaka leo nataka kujua aliandika nini.

Walikuwa na karatasi zenye vijisanduku. Unauliza, unaambiwa ndiyo, unaweka alama. Unaambiwa hapana, unaweka alama. Wiki ya kwanza walizunguka nyumba kwa nyumba. Wiki ya pili vumbi likawachosha. Wiki ya tatu nilimkuta Nicodemo amekaa kwenye ngazi ya shule, kofia usoni, anajaza karatasi peke yake huku anatafuna muwa. Alikuwa na daftari la wakazi alilopewa na Basili, daftari la zamani, na alikuwa anafuata majina moja moja. Nilisimama nyuma yake nikaona amefika kwa Onesphory, aliyekuwa fundi seremala, na kwamba Onesphory anaridhika na huduma ya maji. Onesphory tulimzika mwaka 2001. Niliimba kwenye mazishi yake.

Ungetegemea niseme kitu. Sikusema. Niliwaza kwamba ni watoto wako, na kwamba pengine chuo kina njia yake. Hilo liweke akilini, maana si mara yangu ya mwisho kunyamaza katika habari hii.

Nisiwe mtu wa kutoona jema. Kulikuwa na msichana mmoja, Marieta, mwembamba, ana pengo. Huyo alirudi kwangu mchana mmoja bila karatasi, akakaa chini akapukuchua mahindi na mimi, vidole vikaota malengelenge. Akaniuliza lile jiwe bapa lililoko njia panda ya kwa Zita ni la nini, mbona lina unga unga kwenye nyufa. Nikamwambia hilo halielezwi, linaonwa, lala hapa leo nikuamshe alfajiri ulione. Alitaka. Nakuapia alitaka, alishaanza kuuliza blanketi liko wapi. Dereva akapiga honi.

Sasa nikueleze hilo jiwe, na nakueleza kama mgeni, kwa sababu wewe uliondoka hapa una miaka kumi na miwili kwenda shule ya bweni, na watoto hawaamshwi saa ile.

Katika karatasi zao kulikuwa na swali hili: je, mwanamke aliyefiwa na mtoto anayenyonya hutengwa na jamii? Ndiyo, hapana. Kitongoji kizima tulijibu ndiyo. Ni kweli, hutengwa. Wazee wanaita metimani, unajua hilo neno. Wengi wameliacha, padre anatusema kila Kwaresma, lakini kwetu hapa bado lipo. Mama na mumewe wanakaa kwao miezi mitatu. Hawaendi kwa mtu, mtu haendi kwao, hawachoti maji kisima cha wote, moto wao ni wao. Hapo ndipo swali la wanafunzi wako lilipoishia, na alama ikawekwa.

Lakini kabla hakujapambazuka, Judith, kabla ya kuku kushuka, kuna mtu anatoka nyumbani kwake na bakuli la unga, au kibuyu cha maziwa, au mzigo wa kuni, anauweka kwenye lile jiwe na kuondoka bila kugeuka nyuma. Leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Halitangazwi. Ukikutana na mwenzako njiani hamsalimiani, na hapo ndipo mahali pekee Nambis watu wanapopishana bila salamu. Jua likitoka mwenye msiba anakuja kuchukua. Palizi ya shamba lake inafanywa hivyo hivyo, anaamka anakuta mistari mitatu imelimwa. Haonwi na mtu, na hakosi kitu. Miezi mitatu ikiisha, wazee wanambariki, ananyolewa nywele, na watu wote wanakula naye sahani moja. Yale niliyoyaona mimi katika siku hizo za kutolewa, watu wazima kulia na ugali mdomoni, siwezi kuyaweka kwenye kisanduku.

Mtu anayefika saa nne na kuondoka saa tisa hawezi kujua hayo. Angetafiti miaka kumi asijue. Angelala usiku mmoja tu angejua.

Nikuambie kuhusu ile ripoti. Ilikuja mwezi wa pili mwaka huu, kitabu kinene cha Kiingereza na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili kwa ajili yetu. Basili aliitisha mkutano, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, nikapewa nisome. Watu walikuja wengi. Kuna waliovaa viatu vya kanisani. Walidhani watasikia majina yao.

Nikasoma. Habari za maji, watu wakacheka, maana ilikuwa wazi kwamba marehemu kadhaa wametoa maoni. Habari za choo, mzee Tadeo akakohoa. Nikafika kwenye aya ya wanawake waliofiwa. Ikasema jamii ya hapa huwaacha bila chakula wala msaada. Na chini yake, katika alama za kunukuu, maneno haya: "Anatengwa kama chungu kilichopasuka, hakuna anayemfikia."

Judith, nikatafuta yametoka wapi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika yametoka katika tasnifu ya mwalimu wao, na mwalimu wao ni wewe, na tasnifu ni ya mwaka 1995.

Ni maneno yangu. Hakuna mtu mwingine hapa anayesema chungu kilichopasuka, ni mimi, hata kwa goti langu nasema hivyo. Mwaka 1994 uliniandikia kutoka chuoni ukaniuliza mama aliyefiwa na mtoto mchanga anafanywaje. Barua ilinikuta napiga maharage, mvua ya bahati mbaya inanyemelea, nikaandika juu ya goti, sentensi mbili, nikampa dereva wa lori aitume. Ya kwanza ndiyo hiyo ya chungu. Ya pili ilisema: mengine njoo likizo nikueleze.

Ile ya kwanza uliitumia. Ile ya pili uliiacha. Likizo hukuja, ukasema una mitihani. Na mimi niliona fahari tu kwamba mtoto wa kaka yangu ananiuliza mambo ya chuo. Miaka kumi unawafundisha watoto wa watu chungu changu kilichopasuka, na wao walipokuja hapa wenyewe hawakuja kutafuta, walikuja kukiwekea alama.

Lakini nisikutwishe wewe peke yako. Pale mbele ya watu, na karatasi mkononi, nilifanya nini? Niliiruka. Nilitoka kwenye aya ile nikaingia kwenye barabara na masoko, sauti haikutetereka hata kidogo, nikamaliza, wakapiga makofi. Niliona aibu maneno yangu kusikika. Ningeisoma, watu wangepiga kelele, Basili angeandika barua kwa chuo, mambo yangerekebishwa. Nilinyamaza kama nilivyonyamaza kwa Onesphory. Najichukia kwa hilo, na sisemi kwa kujipamba.

Mwezi wa nne Natalia alifiwa. Natalia ni yule binti wa Gitting, kule Hanang, aliyeolewa na Yonas, mtoto wa Zita. Hukumwona, aliolewa ukiwa huko. Mfupi, ana kicheko cha kuamsha nyumba, alijua kusoma kunishinda mimi. Mtoto alikuwa wa miezi mitano, homa ya siku mbili. Yonas alikuwa Mererani kwenye machimbo, akarudi, wakakaa wote wawili ndani kama inavyotakiwa. Jiwe likaanza kazi. Sisi wote tulikuwa na zamu, hata Basili asiyeazimisha jembe. Yonas aliniambia baadaye kwamba Natalia alikuwa anaujua unga wa kila nyumba. Wa mama yako una mtama kidogo. Wa kwa Basili una pumba, mke wake anakwepa kukoboa. Wangu ni laini kwa sababu meno yangu hayataki chenga. Alikuwa akiingiza mkono tu kwenye bakuli anasema, leo walikuja hawa. Ndivyo alivyokaa na watu.

Zilibaki wiki tatu siku zake zitimie. Mwezi wa sita, saa nne asubuhi, lilikuja gari jeupe la shirika moja, silijui jina na silitaki. Wapo wengi siku hizi, tangu mkoa ugawanywe kila juma kuna gari linauliza njia. Walikuwa na ripoti ya wanafunzi wako. Walikuwa wanatafuta wanawake waliotupwa ili wawaokoe.

Waliingia ndani, Judith. Walipita jiwe, wakapita uzio, wakaingia mpaka chumbani, wakampiga picha amekaa kitandani na nywele zake za msiba. Yonas aliwaambia watoke. Mmoja akamwambia, "Ndugu, sisi tumekuja kumsaidia mkeo." Wakampakia. Alikuwa analia kwamba hapaswi kukanyaga kwa watu, wao wakaandika kwamba analia kwa mateso. Gari likampitisha mbele ya kila nyumba, likampitisha sokoni, likampeleka Babati kwenye kituo, akakaa siku nne na wageni, akapewa blanketi na sabuni.

Walipomrudisha walitukusanya. Aliyekuwa msemaji wao alisimama pale pale niliposimama mimi, akafungua ripoti, akasoma kwa sauti ile sentensi niliyoiruka. Kisha akatuambia kwamba kutenga mtu ni kosa, na kwamba atakayeonekana akizunguka nyumba ile kwa mambo ya mila atapigwa picha na kufikishwa anakostahili. Sikumsikiliza. Nilikuwa namwangalia Zita. Zita hakumwangalia yule mtu hata mara moja. Alikuwa ananiangalia mimi.

Alinifuata nilipokuwa naondoka. Unamjua Zita, si mtu wa maneno. Alisema, "Bernadina, chungu kile ni chako." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ulimpa nani?" Nikasema nilimpa Judith. Akasema, "Sasa mwambie Judith mkwe wangu ameanza kuhesabu upya." Akaenda zake.

Na kweli ameanza upya. Wazee walisema siku zimevunjwa, miezi mitatu irudie mwanzo. Yonas hakuweza. Alikunja nguo zake akarudi Mererani, akasema atakuja siku mke wake atakapobarikiwa, na kama hatabarikiwa haoni cha kurudia. Natalia yuko mle ndani peke yake tangu hapo.

Nalo lililonifanya nichukue kalamu ni hili. Jiwe limekuwa tupu. Watu wanaogopa. Mwaka huu ni wa uchaguzi, magari ni mengi, na kila gari watu wanadhani ni la kamera. Basili ameacha, ana watoto wadogo. Wa kwa Onesphory wameacha. Mmoja baada ya mwingine, wala siwalaumu, watu hawa walijibu ndiyo kwenye karatasi kwa uaminifu na wakalipwa kwa kutishwa. Zita anaweka kuni, ndizo alizo nazo, nyumba yake ina vinywa vinane. Unga ni wangu, na mama yako akijaliwa na miguu. Kwa hiyo hongera kwa chuo chako. Ile ripoti ilikuwa ya uongo ilipoandikwa. Leo ni ya kweli.

Wiki iliyopita nilichelewa kwa sababu ya goti, kukapambazuka nikiwa bado pale kwenye jiwe. Natalia alikuwa amesimama mlangoni. Tusingepaswa kusemezana. Aliniita kwa mbali, akasema, "Shikamoo mwalimu. Samahani nakuuliza. Siku hizi unga ni wako tu. Wale wengine wamehama?"

Nilimwambia hawajahama. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako, naye akatwaa ungo akaanza kupepeta.

Nilikwenda kwa mzee Tadeo. Nilimweleza yote, la barua ya 1994, la kuruka aya, sikuficha. Siku ya kumtoa Natalia imepangwa Jumamosi tarehe 17 Septemba. Alisema yeye na wenzake hawawezi kutoa baraka juu ya neno ambalo bado linatembea. Waliolitoa wawili waje wakae mbele ya watu, waseme lilivyokuwa, walirudishe. Nikamwambia, mmoja ni mimi, niko hapa. Akasema, "Na yule mwingine ana miguu?" Nikasema anayo.

Kwa hiyo unakuja. Siulizi una nafasi au huna. Usipokuja, hakuna baraka tarehe 17, Natalia anabaki ndani na Yonas anabaki machimboni, na mimi nitaendelea kupeleka unga mpaka goti liseme basi. Usinitumie mwanafunzi. Usinitumie barua ya kuomba radhi yenye muhuri wa chuo, nitaiwashia moto. Kama Marieta bado yuko na anataka, mlete huyo, blanketi lake lipo. Ukirudi huko utawaambia wenzako wa chuo ulichokiona, na kile kitabu kitasahihishwa kwa jina lako na jina langu.

Panda basi mapema ili Jumatano tarehe 14 ulale kwangu. Nataka alfajiri tatu kwako kabla ya baraka ya Jumamosi. Nitakuamsha mimi. Utavaa viatu vya mpira vya marehemu baba yako, umande wa huku utaozesha hivyo vyako.

Nisalimie sana baba Justina, mwambie hana kosa katika hili isipokuwa la kukuoa bila kukuleta kututazama mara kwa mara. Mbusu Justina mashavu yote mawili. Mama yako anakusalimu, anasema anakungoja na hasira zake ni ndogo kuliko zangu. Basili anakusalimu. Mzee Tadeo hajakusalimu, utamwamkia mwenyewe. Zita nilimuuliza kama ana salamu, akasema atakupa ukifika.

Mungu akulinde njiani, akupitishe mlima Magara salama, na akupe moyo wa kukaa kimya pale unapotakiwa kusikiliza, na wa kusema pale mimi niliposhindwa.

Daftari acha huko huko. Ila leta unga, kilo mbili tu, ule mweupe wa dukani kwenu wa mfuko wa karatasi, ambao hapa hakuna nyumba inayousaga. Alfajiri ya Alhamisi utauweka wewe kwenye jiwe, usigeuke nyuma. Natalia akiingiza mkono atajua kuna mtu mwingine amekuja.

Ni mimi shangazi yako, nimekukasirikia wala sijaacha kukupenda,

Bernadina